Ghala la pili liwe wapi: mtandao wa gari za shamba Unguja ndani ya Gephi

Duka ni la vipuri vya pikipiki, lipo Mjini, si mbali na Darajani. Wateja wake wengi ni mafundi wa shamba: Nungwi, Jambiani, Chwaka, Kizimkazi. Mzigo unakwenda kama unavyokwenda mzigo wowote Unguja. Kipuri kinafungwa kwenye boksi, linaandikwa jina na namba ya simu, anapewa utingo wa gari ya njia ile, na fundi anausubiri kituoni. Hapo hapana taabu. Taabu ni mzigo wa shamba kwenda shamba. Kabureta iliyopelekwa Jambiani kwa makosa ikihitajika Kizimkazi, inarudi mpaka Mjini, inalala dukani, kesho yake inapanda gari nyingine inayopita barabara ile ile iliyokuja nayo. Mwenye duka akataka ghala dogo la pili nje ya Mjini: chumba kimoja, kufuli, na mtu wa kupokea. Waliomshauri walimtajia Mahonda, Mwanakwerekwe na Kitogani, na kila mmoja alikuwa na hoja.

Swali kama hili ni la grafu. Kituo kinakuwa nodi, kipande cha njia baina ya vituo viwili kinakuwa kiungo, na kompyuta inaulizwa ni nodi ipi inayopitiwa sana. Programu iliyotumika ni Gephi toleo la 0.10, programu ya kuchora na kupima grafu, ambayo ni ya bure na inakuja na Java yake ndani, kwa hiyo huhitaji kuhangaika kuisakinisha Java pembeni. Kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa kwa kazi ya ukubwa huu. Ugumu wa kisa hiki haukuwa programu. Ulikuwa ni kuamua kiungo ni nini, na baadaye, kuuliza swali lenyewe sawasawa.

Jedwali la kwanza

Mtu aliyepewa kazi alianza na kilicho rahisi: orodha ya namba za gari zilizoandikwa vioo vya mbele. Safu ya kwanza Mjini, safu ya pili mwisho wa njia. Njia 12, mistari 12. Picha iliyotoka ni jua la watoto wa chekechea: Mjini katikati, miale 12 pembeni. Upitiwaji wa Mjini, yaani idadi ya jozi za vituo ambazo njia yake inapita hapo, ukawa 66, wa wengine wote 0.

Hesabu hiyo haina kosa. Vituo 12 vya pembeni vinatoa jozi 66, na kila jozi lazima ipite Mjini kwa sababu jedwali halikuacha njia nyingine. Programu imerudisha kile kile ilichoambiwa. Kwenye jedwali hilo Kitogani haipo kabisa, kwa kuwa hakuna gari iliyoandikwa Kitogani kati ya zile 12, ingawa gari nne zinapita pale. Ukiona grafu ambayo nodi moja ina kila kitu na nyingine zote zina sifuri, kabla ya kushangilia rudi kwenye jedwali. Mara nyingi umechora namna ulivyoandika, hukuchora kilichopo barabarani.

Jedwali la pili

Safari hii kila njia ikaandikwa kwa vituo vyake kwa mpangilio. Vituo vidogo viliachwa, vikabaki miisho, njia panda, na vituo vikubwa vya katikati:

101: Mjini, Bububu, Mahonda, Mkokotoni
116: Mjini, Bububu, Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, Nungwi
117: Mjini, Bububu, Mahonda, Kinyasini, Kiwengwa
118: Mjini, Bububu, Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, Matemwe
206: Mjini, Mwera, Dunga, Chwaka
308: Mjini, Mwanakwerekwe, Tunguu, Unguja Ukuu
309: Mjini, Mwanakwerekwe, Tunguu, Kitogani, Paje, Jambiani
310: Mjini, Mwanakwerekwe, Tunguu, Kitogani, Muyuni, Makunduchi
324: Mjini, Mwanakwerekwe, Tunguu, Kitogani, Paje, Bwejuu
326: Mjini, Mwanakwerekwe, Tunguu, Kitogani, Muyuni, Kizimkazi
502: Mjini, Bububu
505: Mjini, Uwanja wa Ndege

Kutoka hapo kila jozi ya vituo vinavyofuatana inakuwa mstari mmoja wa jedwali la viungo. Vichwa vya safu lazima viwe Source na Target kama vilivyo, kwa sababu ndivyo Gephi inavyovitafuta. Ukiandika Chanzo na Mwisho itakuuliza au itakataa. Mistari yote inakuwa 45. Faili lihifadhiwe kama CSV ya UTF-8. Excel iliyowekwa kwa mipangilio ya nchi fulani hutenganisha safu kwa nukta mkato badala ya mkato. Dirisha la kuingizia data linakuruhusu kuchagua kitenganishi, na ukikosea utaona safu zote zimejibana ndani ya safu moja.

Kwenye menyu ya File chagua "Import spreadsheet", sema kwamba hili ni jedwali la viungo, endelea mpaka ripoti ya mwisho. Ripoti hiyo watu huibonyeza OK bila kuisoma, na ndipo mambo matatu yanapoharibikia.

La kwanza ni aina ya grafu. Bila safu ya Type, viungo vinaweza kuingia vikiwa na mshale. Kwenye kisa hiki viliingia hivyo, na kwa kuwa kila njia imeandikwa kuanzia Mjini, mishale yote ilitoka Mjini kwenda nje. Matokeo: Mjini ikapata upitiwaji 0, kwa kuwa hakuna mshale unaoingia, na kitu kisichoingilika hakipitiwi. Aliyeongoza akawa Kitogani kwa 18. Mtu aliyeshabikia Kitogani alifurahi sana, na kama tutakavyoona mbele, si kwamba alikosea mahali. Hesabu iliyompa ushindi ndiyo iliyokuwa mbovu. Gari inakwenda na kurudi, kwa hiyo chagua "Undirected".

La pili ni viungo vinavyojirudia. Mjini hadi Bububu imeandikwa mara 5, kwa njia za 101, 116, 117, 118 na 502. Mkakati wa kuunganisha ukiwa "Sum", mistari 45 inakuwa viungo 22, na kila kiungo kinabeba uzito sawa na idadi ya njia zinazokipita: Mjini–Mwanakwerekwe 5, Tunguu–Kitogani 4, Mahonda–Kinyasini 3. Jumla ya uzito lazima irudi 45. Isiporudi, kuna mstari umepotea.

La tatu ni kuchagua kama data iende kwenye uwanja mpya wa kazi au iongezwe kwenye uliopo. Ukiingiza faili mara ya pili juu ya la kwanza, nodi hazizidi, picha haibadiliki, lakini uzito wote umekuwa maradufu.

Kukagua kabla ya kupima

Mtandao huu una nodi 23 na viungo 22. Nambari hizo mbili si za kupita juu juu. Ramani isiyo na mzunguko wowote, ambayo kutoka A kwenda B pana njia moja tu, daima ina viungo pungufu ya nodi kwa kimoja. Gari zote 12 zinatoka Mjini kama matawi, hakuna zinapokutana tena, basi 23 na 22 ndivyo inavyotakiwa.

Mara ya kwanza zilitoka 24 na 24. Sababu: kwenye njia ya 326 Kitogani iliandikwa kwa herufi ndogo, "kitogani", na kwa Gephi hicho ni kituo kingine. Ikazuka nodi ya ziada, na pamoja nayo mzunguko wa uongo: Tunguu–Kitogani–Muyuni upande mmoja, Tunguu–kitogani–Muyuni upande wa pili. Mtu angeweza kusimama akasema kusini pana barabara mbili. Kipimo cha vipande vilivyounganika, "Connected Components", hakikulikamata kosa hilo, kwa sababu mtandao ulibaki kipande kimoja. Hesabu ya nodi ndiyo iliyolifichua. Hatari hii ni kubwa zaidi kwetu kwa sababu vioo vya gari vina vifupisho vyake, M/Kwerekwe, U/Ndege, U/Ukuu, na anayenakili huchanganya kirefu na kifupi bila kujua. Fungua "Data Laboratory", panga safu ya Id kwa alfabeti, soma majina yote kwa macho. Nodi 23 unazimaliza kabla kahawa haijapoa.

Hapo hapo nakili safu ya Id kwenye safu ya Label. Nodi zilizozaliwa kutokana na jedwali la viungo zina Id lakini hazina Label, na bila ya hiyo utachora mtandao wa vitone visivyo na majina.

Kipimo

Upitiwaji ni kipimo ambacho Gephi inakiita "Betweenness Centrality". Linton Freeman alikieleza mwaka 1977: chukua kila jozi ya nodi, tafuta njia fupi kabisa baina yao, uhesabu ni ngapi zinazopita kwenye nodi unayoipima. Njia fupi zikiwa mbili zinazolingana, kila moja inapewa nusu. Kwenye Gephi kimefichwa ndani ya "Network Diameter", upande wa kulia. Wengi wanakitafuta kwa jina lake hawakioni. Bonyeza "Run", acha kisanduku cha kulinganisha 0 hadi 1 bila tiki, uende kusoma safu mpya kwenye jedwali la nodi.

Matokeo: Mjini 155, Tunguu 119, Mwanakwerekwe 117, Kitogani 105, Bububu 105, Mahonda 101, Kinyasini 75. Paje, Muyuni na Mkwajuni 41 kila moja, Mwera 40, Dunga 21, na miisho yote 0. Safari ndefu kabisa ni vipande 10, mfano Nungwi mpaka Jambiani.

Kwa mtandao wa ukubwa huu unaweza kuhakiki kwa kalamu, na inafaa kufanya hivyo angalau kwa nodi moja. Ukiiondoa Tunguu, vituo 22 vilivyobaki vinakatika mafungu matatu: Unguja Ukuu peke yake, vituo 7 vya Kitogani na kuendelea, na vituo 14 vya upande wa Mjini. Zidisha mafungu mawili mawili: 1×7, 1×14, 7×14. Jumla 119. Programu na kalamu zikikubaliana, endelea kwa amani.

Ukitaka shahidi wa pili, Python na maktaba ya networkx itakupa kwa mistari michache:

import csv, networkx as nx
G = nx.Graph()
for r in csv.DictReader(open("viungo.csv", encoding="utf-8-sig")):
    G.add_edge(r["Source"], r["Target"])
b = nx.betweenness_centrality(G, normalized=False)
for n in sorted(b, key=b.get, reverse=True):
    print(n, round(b[n], 1))
print(list(nx.bridges(G)))

Usiisahau normalized=False. Bila ya hiyo Mjini itatoka 0.671, yaani 155 gawanya kwa jozi 231 zinazowezekana, na utadhani programu mbili zinagombana.

Sasa, mwenye duka tayari yupo Mjini. Anayefuata ni Tunguu, kwa mbili tu mbele ya Mwanakwerekwe. Tunguu pana kampasi ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, watu hawakosekani, chumba cha kukodi kinapatikana. Ilikaribia kuandikwa hivyo kwenye ripoti: Tunguu.

Swali lilikuwa jingine

Kosa halikuwa kwenye programu wala kwenye jedwali. Lilikuwa kwenye kuuliza. Ile 119 ya Tunguu ina jozi za namna gani? Nyingi ni za Nungwi–Paje, Chwaka–Makunduchi, Bububu–Bwejuu: mizigo ambayo inapita Tunguu, ndiyo, lakini inapita Mjini pia. Mzigo wa Nungwi kwenda Paje lazima ushuke Mjini ubadilishe gari, na Mjini duka lipo. Ghala la Tunguu halimpunguzii mtu huyu chochote. Linalomfaa ni ghala linaloukamata mzigo usiohitaji kufika Mjini kabisa: Jambiani–Kizimkazi, Unguja Ukuu–Paje, Nungwi–Kiwengwa.

Kwa hiyo Mjini iondolewe, kisha upime upya. Kwanza tengeneza nakala ya uwanja wa kazi kupitia menyu ya "Workspace", ndani ya nakala nenda "Data Laboratory", futa mstari wa Mjini, viungo vyake 4 vitakwenda nao. Gephi hupima kile kinachoonekana tu, kwa hiyo ungeweza pia kuificha kwa chujio. Lakini chujio husahaulika likiwa limewashwa, na wiki ijayo mtu mwingine atapata nambari nusu asijue kwa nini.

Mtandao unavunjika vipande vinne: kaskazini vituo 8, Mwera hadi Chwaka 3, kusini 10, na Uwanja wa Ndege peke yake. Nambari zinageuka chini juu. Mwanakwerekwe, iliyokuwa 117, inakuwa 0. Si 10, si 5: sifuri, kwa sababu kila mzigo uliokuwa ukipita Mwanakwerekwe bila kuanzia wala kuishia pale ulikuwa unakwenda au kutoka Mjini. Bububu nayo 0. Tunguu kutoka 119 mpaka 15. Kitogani inabaki na 27, inafuatwa kwa mbali na Kinyasini, Paje na Muyuni zenye 15 kila moja kama Tunguu, kisha Mahonda 11 na Mkwajuni 11.

Kitogani inapata 27 kwa sababu ya umbo lake: upande mmoja Paje, Jambiani na Bwejuu, upande mwingine Muyuni, Makunduchi na Kizimkazi, nyuma yake Tunguu, Unguja Ukuu na Mwanakwerekwe. Mafungu matatu ya vituo vitatu vitatu, 9 na 9 na 9. Ukiisimamia njia panda pale unaona kwa macho: gari ya Makunduchi inakata kulia, gari ya Paje inanyooka, na boksi lingeweza kushuka hii likapanda ile bila kuuona Mjini.

Barabara za pwani

Pingamizi la kwanza lililetwa na ramani. Barabara si za gari za namba tu. Kiwengwa na Matemwe zinaunganika kupitia Pwani Mchangani. Kutoka Kiwengwa unashuka Pongwe na Uroa mpaka Chwaka. Jambiani inaendelea mpaka Makunduchi. Zikaongezwa viungo vitatu hivyo, jumla 25, nodi zile zile 23, Mjini ikarudishwa.

Kaskazini ilipumua. Bububu ikashuka kutoka 105 hadi 78.2, Mahonda kutoka 101 hadi 77.7, na Mjini yenyewe kutoka 155 hadi 137.7, kwa kuwa sasa mtu wa Kiwengwa anaweza kufika Dunga bila kuzunguka. Chwaka, iliyokuwa mwisho wa njia, ikapanda kutoka 0 hadi 19.8, na Kiwengwa hadi 24.3. Lakini Tunguu ilibaki 119 na Mwanakwerekwe 117, bila kupungua hata nukta. Barabara ya Jambiani–Makunduchi ni mzunguko wa ndani: inamsaidia mtu wa kusini kumfikia mtu wa kusini, ila haimtoi. Ukiomba orodha ya madaraja kwenye networkx, yaani viungo ambavyo kimoja kikikatika mtandao unakatika, unapata 9. Sita ni vya kumalizia tu, kama Mkwajuni–Nungwi. Vitatu vilivyobaki vimefuatana mstari mmoja: Mjini–Mwanakwerekwe, Mwanakwerekwe–Tunguu, Tunguu–Kitogani. Hicho cha mwisho ndicho kinachopita msitu wa Jozani, penye matuta ya kupunguzia mwendo kwa ajili ya kima punju.

Ukiiondoa Mjini kwenye jedwali hili la pwani, mshindi anabadilika tena: Kinyasini 25, Kiwengwa 23, Kitogani 22. Hapa ndipo inapobidi kuamua kama mtu, si kama programu. Mzigo wa duka hili unakwenda kwa gari za namba, na kwenye orodha ya njia 12 hakuna inayotoka Kiwengwa kwenda Chwaka. Kiungo ambacho mzigo wako haupiti si kiungo kwako, hata kama kina lami nzuri. Siku mwenye duka akinunua pikipiki yake ya kusambaza, jedwali la pwani ndilo lake, na jibu ni Kinyasini.

Kuchora

Hapa tupite haraka, kwa sababu watu hutumia muda mwingi sana hapa. ForceAtlas2, mmoja wa mipangilio ya Gephi ya kutawanya nodi, inatosha: weka tiki kwenye "Prevent Overlap", iache mpaka vitone vitulie, kisha isimamishe mwenyewe, haijisimamishi. Ukubwa wa nodi uufuate upitiwaji, chini 10, juu 60. Ukipima upya baada ya kugusa data, bonyeza "Apply" tena, la sivyo picha inaonyesha ukubwa wa jana.

Mchoro wa ForceAtlas2 hauna juu wala chini. Nungwi inaweza kutokea kushoto, na mwenye duka akakataa kuuangalia. Kwake ilifaa Geo Layout, kiongezi kinachosakinishwa kupitia "Tools" kisha "Plugins". Kinahitaji safu za latitude na longitude za aina ya Double, yaani nambari zenye desimali. Sisi tupo kusini mwa ikweta: Nungwi ni kama -5.73, Mjini kama -6.16. Alama ya kutoa ikidondoka wakati wa kunakili, kisiwa kinapinduka, Makunduchi juu na Nungwi chini. Ni kosa la kuchekesha kwenye Unguja nzima, ila likitokea kwa kituo kimoja tu, nodi hiyo inaruka mbali kabisa na nyingine zote zinasongamana kwenye kitone kimoja, na mtu hutafuta kosa kwenye mipangilio ya mchoro badala ya kwenye jedwali.

Uzito na kilomita

Mwenye duka aliuliza kwa nini kilomita hazimo. Upitiwaji wa Gephi hausomi uzito, unahesabu vipande. Tunguu–Kitogani ni kipande kimoja, na Mjini–Uwanja wa Ndege nayo ni kipande kimoja. Ukitaka kilomita ziingie, tumia networkx na weight="km". Hadhari moja: kwenye ForceAtlas2 uzito mkubwa unavuta nodi ziwe karibu, kwenye hesabu ya njia fupi uzito mkubwa unazitenga. Safu moja haiwezi kufanya kazi zote mbili. Weka mbili, "njia" na "km", na uite kila moja mahali pake. Kwa jedwali la gari 12, ambapo baina ya vituo viwili pana njia moja tu, kilomita hazibadilishi nani anapitiwa. Zinaanza kuwa na maana mizunguko ikiingia.

Kinachobadilisha ni vituo ulivyochagua kuviandika. Kusini imepata nodi 10 na kaskazini 8 kwa sababu jedwali limeamua hivyo. Ukiziongeza Jumbi na Fuoni, kusini inanenepa, na Tunguu inapanda bila hata gari moja kuongezeka. Ndiyo maana tofauti ya 119 na 117 haikustahili kubishaniwa, ilhali ya 27 na 15 inastahimili mtikisiko wa namna hiyo.

Chumba kilitafutwa Kitogani.

Kiungo cha mwisho kilichozua ubishi ni cha baharini. Barabara ya Bwejuu inaendelea mpaka Michamvi, na ng'ambo ya ghuba ni Chwaka. Watu huvuka kwa mashua. Ukiongeza Michamvi kama mwisho wa barabara tu kwenye jedwali la pwani, Tunguu inapata 134. Ukiongeza mstari mmoja zaidi, Michamvi–Chwaka, inaanguka hadi 68.8, na daraja la Jozani linaacha kuwa daraja. Mstari mmoja wa CSV, majina mawili na mkato katikati. Lakini ghuba ile maji yakitoka inabaki vinamasi na mwani, na siku za bamvua si sawa na siku za maji mafu. Kwenye faili lililokabidhiwa mstari huo umewekwa kwenye uwanja wake wa kazi peke yake, umepewa jina "maji yakijaa".